Tangazo la Mbwa

Waya una urefu wa mita mia tisa.
Ragnfrid anaujua kwa magoti yake, si kwa kupima:
jiwe hadi jiwe, kigingi hadi kigingi,
toka dirisha la kibanda hadi ukingo wa Varanger
ambapo ardhi inakoma bila kuaga.
Jumanne kulungu wa theluji waliukata.
Aliuunga vidole vitupu, glavu kaziuma menoni,
akiwatukana kulungu kwa majina ya mashemeji zake.

Ni Desemba. Kwa wanaohesabu saa toka macheo,
huku hakuna saa moja, hakuna saa mbili.
Jua lilishuka mwezi uliopita kama mtu aliyetumwa chumvi,
na mchuzi bado unasubiri.

Lakini giza kwake ni mtaji.
Mchana wa jua, masafa ya kati hutambaa chini,
huchoka, hufia vilimani.
Giza likitanda, anga hugeuka dari
na sauti hudunda, dari na maji, dari na maji,
mpaka ikutane na shaba hii nyembamba
na mwanamke wa miaka sitini na minane
mwenye soksi mbili kila mguu.

Ni asubuhi, kwa mujibu wa saa ya ukutani;
kwa mujibu wa dirisha, hapana.
Eilert, mpwa wake, ameleta kuni. Anakoroga kahawa.
"Unasikia nini?"
"Mchanga."

Kweli, mchanga unaomwagwa juu ya bati,
na ndani ya mchanga punje zenye vinywa:
mhubiri, gitaa, mtu anayesoma bei ya ngano
kwa upole, kama anayemlaza mtoto.
Anageuza kitufe kwa upana wa unywele.

Juzi mianga ya kaskazini ilicheza kijani juu ya paa.
Watalii bandarini walipiga picha, walikumbatiana.
Yeye alizima redio akalala na hasira zake:
mianga ikicheza, masafa hufa.
Leo anga ni kaniki.

Na hapo, toka ng'ambo ya ncha ya dunia,
sauti ya kike, yenye mafua:
amepotea tangu Jumapili, mbwa wa kahawia,
sikio moja jeupe, huitika jina la Biskuti,
atakayemwona apige simu

Ragnfrid kainua mkono. Eilert kaacha kukoroga.
Hii ndiyo dakika ambapo kituo hujitaja.
Na dakika hiyohiyo, kama kawaida yake, mchanga ukarudi,
ukafukia jina la kituo, ukafukia mji,
ukafukia nambari ya simu.
Ukamwacha mbwa.

Sikio la kufa halisikii dawa, husemwa.
La Ragnfrid lilisikia kisichokuwa chake
na likagoma kusahau.

Aliandika barua: siku, saa, kilohezi, mafua ya mtangazaji.
Alibahatisha anwani tatu za Alaska.
Desturi ni kuomba uthibitisho, kadi yenye muhuri,
ya kubandika ukutani pamoja na nyingine mia nne.
Aliomba. Kisha chini, kwa kalamu nyingine:
Je, Biskuti alipatikana?

Jibu lilifika Mei, jua likiwa limekataa kulala.
Fundi mitambo, Delbert fulani, mwandiko umelalia upande:
Ndiyo, ni sisi. Siku ile barafu iliangusha mnara mkubwa,
tukarusha kwa mtambo wa akiba, nguvu za balbu chache.
Hapa mjini hatukusikika hata ng'ambo ya mto.
Simu haikulia. Kwa tangazo lile
umeitika wewe peke yako.

Eilert alifuta macho, akasingizia kitunguu,
na kitunguu hakikuwapo.
Ragnfrid aligeuza kadi, akaigeuza tena,
akaiinua dirishani kwenye jua la usiku wa manane
kama mtu anayekagua noti.
"Na mbwa?" alisema. "Mpumbavu huyu
hakusema lolote kuhusu mbwa."

Kadi hakuibandika.
Iko mezani, ina duara la kahawa kwenye muhuri.
Na Oktoba, giza lilipoanza kurudi kidogo kidogo
kama mdaiwa mwaminifu,
alionekana kwenye mawe, kapiga magoti,
begani bunda jipya la waya:
mita mia moja zaidi.